Jinsi ya Kufuatilia Machapisho na Marejeleo ya Utafiti wa Visukuku: Mwongozo Kamili kwa Mifano ya Tendaguru, Laetoli na Turkana

Ukitafuta neno "Giraffatitan" kwenye Google Scholar, makala za kabla ya mwaka 1988 karibu hutaziona. Msomaji asiyejua historia anaweza kuandika bila wasiwasi kwamba dinosaria huyu wa Lindi alianza kuchunguzwa mwishoni mwa karne ya 20. Lakini mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, Werner Janensch akaipa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na mwaka 1937 kiunzi chake kikasimamishwa Berlin, mahali kilipo hadi leo. Mwaka 1988 Gregory Paul alipendekeza jina Giraffatitan kama kundi dogo ndani ya Brachiosaurus, na mwaka 2009 Michael Taylor akaonyesha tofauti 26 kati ya mifupa ya Tendaguru na ile ya Brachiosaurus wa Marekani. Mnyama ni yuleyule. Kilichohama ni jina, na machapisho ya zaidi ya miaka 70 yakabaki kwenye jina la zamani.

Hapo ndipo wengi wanaopima utafiti wa visukuku wanapokwama. Programu za kuhesabu marejeleo (mara ambazo chapisho linatajwa na machapisho mengine) hufuata jina, lugha, jarida na mwaka. Kisukuku chenyewe hazikijui. Kwa hiyo kazi hii nitaipanga kuanzia kwenye mfupa: kwanza ujue mfupa umeitwa nini na nani, wapi na lini, ndipo uhesabu. Nimewalenga wanafunzi wa uzamili, watu wa makumbusho, na waandishi wa habari za sayansi wanaotaka kujibu maswali kama "nani anaandika kuhusu visukuku vyetu?" au "makala ipi imeathiri zaidi?" bila kudanganywa na tarakimu.

Huhitaji fedha nyingi. Kompyuta, intaneti ya kuaminika kiasi, programu ya majedwali kama Excel au LibreOffice, na Zotero ya kuhifadhia makala vinatosha.

Hatua ya kwanza: Lipunguze swali

"Mwelekeo wa machapisho ya paleontolojia duniani" si swali la mtu mmoja. Chagua eneo, kundi la wanyama au kisukuku kimoja, kisha weka mipaka ya miaka. Haya ni maswali ambayo mtu mmoja anaweza kuyamaliza: dinosaria wa Tendaguru tangu 1908, nyayo za Laetoli tangu makala ya 1979, spishi mpya zilizotajwa kutoka bonde la Rukwa tangu 2010.

Andika pia ni nini hakiingii. Je, utahesabu vitabu? Tasnifu? Muhtasari wa mikutano? Uamuzi huu ufanye kabla ya kuona matokeo, maana ukishaona matokeo utashawishika kuacha nje yale yanayoharibu hoja yako.

Hatua ya pili: Kusanya majina yote ya mfupa

Hii ndiyo hatua ninayoitetea kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Fuata mfano huu mmoja taratibu.

Mwaka 1907 Mjerumani Eberhard Fraas alifika Tendaguru, na mwaka 1908 akachapisha spishi mbili: Gigantosaurus africanus na Gigantosaurus robustus. Tatizo ni kwamba jina Gigantosaurus lilikuwa limeshatumiwa na Harry Seeley huko Uingereza mwaka 1869, na katika kanuni za majina ya wanyama aliyetangulia ndiye mwenye jina. Mwaka 1911 Richard Sternfeld akaweka Tornieria badala yake. Mwaka 1922 Janensch akamhamishia africanus kwenye Barosaurus, jenasi (kundi la spishi za karibu, ambalo ndilo jina la kwanza la kila spishi) iliyopewa jina kutokana na mifupa ya Marekani. Mwaka 1991 Rupert Wild akamtoa robustus na kumpa jenasi yake, Janenschia. Mwaka 2006 Kristian Remes akalirudisha jina Tornieria kwa ajili ya africanus.

Sasa jaribu kutafuta machapisho ya mnyama mmoja tu kati ya hao wawili, africanus. Unahitaji jenasi tatu, na unahitaji kukumbuka kwamba mwisho wa jina la pili hubadilika: Tornieria africana, lakini Barosaurus africanus. Ukiandika "africana" peke yake umepoteza miongo kadhaa. Ukiandika "Barosaurus" peke yake utazikwa na makala za Wamarekani. Tafuta hivi: ("Tornieria" OR "Barosaurus africanus" OR "Gigantosaurus africanus"), kisha urudie ukiongeza neno Tendaguru.

Majina ya mahali nayo yana historia yake. Hans Reck, aliyekwenda Olduvai mwaka 1913, alipaandika Oldoway. Machapisho mengi ya karne ya 20 yanasema Olduvai. Siku hizi Tanzania inapendelea Oldupai. Laetoli iliitwa Laetolil hata kwenye vichwa vya makala za miaka ya 1970, na kabla ya hapo Ludwig Kohl-Larsen alipochimba hukohuko mwaka 1939 eneo lilijulikana kama Garusi. Nchi yenyewe itaonekana kama Deutsch-Ostafrika, Tanganyika Territory, au Tanzania. Kwa Tendaguru huna budi kutafuta pia kwa Kijerumani, walau maneno mawili: "Tendaguru-Schichten" (matabaka ya Tendaguru) na "Wirbeltierfauna" (wanyama wenye uti wa mgongo). Hata kama husomi Kijerumani, orodha ya marejeo mwishoni mwa makala inasomeka kwa lugha yoyote.

Njia ya mkato ya kupata majina haya ni ukurasa wa spishi husika kwenye Paleobiology Database. Hifadhidata hii ni ya bure, na kila rekodi ndani yake imefungwa kwenye chapisho. Ukifungua jina la spishi utaona maoni ya watafiti mbalimbali: nani alisema ni jenasi hii, nani akaihamisha, mwaka gani. Huo ni mti wa majina uliokwisha kuchorwa. Wewe unaunakili tu kisha unaukagua.

Alama moja ndogo itakusaidia sana. Ukikuta imeandikwa Giraffatitan brancai (Janensch, 1914), ule mabano unakwambia kwamba Janensch ndiye aliyeipa spishi jina, lakini kwenye jenasi nyingine. Ukikuta hakuna mabano, kama Kentrosaurus aethiopicus Hennig, 1915, jina halijahama. Kabla hujafungua makala hata moja, mabano yameshakuambia kama una kazi ya kutafuta jina la zamani.

Hatua ya tatu: Jua kila chanzo kinaona nini

Google Scholar huona mengi kuliko vyanzo vingine: tasnifu, vitabu, ripoti, hata faili zilizowekwa kwenye tovuti ya mwalimu. Ndiyo sababu idadi zake huwa kubwa, na ndiyo sababu pia hurudia makala ileile mara mbili au tatu. Haitoi njia rasmi ya kupakua data kwa wingi. Wengi hutumia programu ya bure ya Publish or Perish, inayoleta matokeo yasiyozidi 1,000 kwa utafutaji mmoja.

Scopus na Web of Science, hifadhidata kubwa za makala na marejeleo, hulipiwa, na vyuo vingi vya kwetu havina. Ukiwa navyo, kumbuka kwamba Scopus inahesabu orodha za marejeo kuanzia makala za 1970. Makala ya 1965 iliyomrejelea Janensch haimo. Kwa fani ambayo chapisho la 1914 bado linafunguliwa mezani, hilo si pengo dogo.

OpenAlex, hifadhidata nyingine ya makala na marejeleo, ilizinduliwa Januari 2022, baada ya Microsoft Academic iliyofanya kazi kama hiyo kufungwa mwishoni mwa 2021. Ni ya bure, data yake inapakuliwa, na mtu asiye na chuo anaweza kuitumia sawa na profesa. Mimi ningeanzia hapo, kisha nikajazia kwa Google Scholar. Udhaifu wake ni machapisho ya zamani yasiyo na DOI (namba ya kudumu ya kutambulisha chapisho mtandaoni), ambayo mara nyingi huingia bila orodha ya marejeo.

Kwa vitabu na majarida ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, nenda Biodiversity Heritage Library. Huko utasoma kurasa zenyewe zilizopigwa picha, bila malipo.

Kupata maandishi kamili ni suala jingine. Jaribu kiongezi cha Unpaywall, kinachotafuta nakala za bure, kwenye kivinjari chako. Uliza maktaba ya chuo kama ina Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu. Jisajili JSTOR usome mtandaoni. PLOS ONE, PeerJ, eLife na Palaeontologia Electronica ziko wazi kwa kila mtu. Na ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Watu wa visukuku hupenda sana kutuma makala zao.

Hatua ya nne: Tengeneza jedwali, mstari mmoja kwa kila chapisho

Watu huanza na safu tatu, mwandishi, mwaka na idadi ya marejeleo, halafu baada ya wiki wanarudi mwanzo. Anza na safu nyingi: namba ya kisukuku, mahali kilipopatikana, aliyekiona kwanza shambani, mwaka wa ugunduzi, aina ya chapisho (tangazo, maelezo kamili, jina jipya, mapitio, mbinu), jina lililotumika, lugha, jarida, waandishi wote, taasisi zao, mahali kisukuku kinapohifadhiwa, idadi ya marejeleo kwa kila chanzo, na tarehe uliyoichukua idadi hiyo.

Safu ya namba ya kisukuku ndiyo uti wa mgongo. Majina huja na kuondoka, lakini namba ya makumbusho haibadiliki kirahisi. OH 5, fuvu kutoka Olduvai, ilikuwa Zinjanthropus boisei mwaka 1959, ikawa Australopithecus boisei, na wengi leo wanaiita Paranthropus boisei. Mara zote ni OH 5.

Tazama jinsi mistari ya kisukuku kimoja inavyokaa. LH 4 ni taya la chini kutoka Laetoli. Lilionwa na Maundu Muluila mwaka 1974. Tangazo lilitoka 1976 kwenye Nature. Maelezo ya kina ya Tim White yakatoka 1977 kwenye American Journal of Physical Anthropology, kichwani ikiandikwa "Laetolil". Jina likatolewa 1978 na Donald Johanson, White na Yves Coppens: Australopithecus afarensis, likitokana na Afar ya Ethiopia, ingawa mfupa uliochaguliwa kuwa kielelezo rasmi cha spishi ni hilohilo taya la Tanzania. Chapisho la jina halikutoka Nature wala Science; lilitoka Kirtlandia, jarida dogo la makumbusho ya Cleveland.

Mistari mitatu, majarida matatu, tahajia mbili za mahali, na spishi yenye jina la nchi nyingine. Mtu anayetafuta "Tanzania" au "Laetoli" kwenye vichwa vya makala ataikosa makala iliyoipa spishi jina. Zingatia pia kwamba American Journal of Physical Anthropology ilibadilishwa jina mwaka 2022 na kuwa American Journal of Biological Anthropology. Kama unapanga machapisho kwa jarida, hilo ni jarida moja, si mawili.

Hatua ya tano: Safisha watu na tarehe

Kwa Afrika Mashariki, jina Leakey peke yake linaweza kukuharibia kazi nzima. Kuna Louis, Mary, Richard, Meave na Louise. "M. Leakey" anaweza kuwa Mary, aliyeandika kuhusu Olduvai na Laetoli, au Meave, aliyeongoza makala za Kenyanthropus platyops na Australopithecus anamensis. Angalia herufi ya pili: M.D. ni Mary, M.G. ni Meave. Mashine mara nyingi huwachanganya, wewe usiwachanganye. Pale penye ORCID, namba ya kumtambulisha mwandishi mmoja, itumie, lakini wengi wa waandishi hawa walichapisha miongo kabla ORCID haijakuwepo.

Tarehe nazo hudanganya. Nyasasaurus parringtoni, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale zaidi anayejulikana, alitangazwa mtandaoni Desemba 2012, lakini makala imo kwenye toleo la 2013 la Biology Letters. Chanzo kimoja kitakupa 2012, kingine 2013. Amua kanuni moja na uiandike; kwa kawaida mwaka wa toleo ndio hutumika. Mnyama huyohuyo ana mafunzo mengine mawili. Jina lake lilikuwamo kwenye tasnifu ya Alan Charig ya mwaka 1956, likazunguka kwa miaka zaidi ya 50 bila kuchapishwa rasmi, kwa hiyo utakuta limetajwa kabla halijawa halali. Na Charig, aliyefariki 1997, ni mwandishi mwenza wa makala ya 2013. Ukichora mchoro wa "miaka ya kazi" ya watafiti, marehemu ataonekana bado yuko kazini.

Ondoa marudio kwa kupanga jedwali kwa DOI, halafu kwa kichwa cha makala. Yale yasiyo na DOI yapitie kwa macho. Hakuna njia ya mkato hapo.

Hatua ya sita: Hesabu, lakini kwa vipimo vya fani hii

Kipimo maarufu cha majarida, kile cha kipengele cha athari (impact factor), huhesabu marejeleo ya mwaka fulani kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Kwa utafiti wa saratani huenda kina maana. Kwa visukuku hakina maana kubwa, kwa sababu makala hapa huishi muda mrefu: anayeandika leo kuhusu sauropodi (dinosaria wakubwa wa shingo ndefu) wa Tendaguru bado anafungua kurasa za Janensch za 1914, za 1950 na za 1961. Ukipewa orodha ya majarida "bora" ya paleontolojia iliyopangwa kwa kipimo hicho, iweke pembeni.

Linganisha makala za rika moja na za aina moja. Visukuku vikubwa huwa na mapigo mawili: tangazo fupi la haraka, kisha kitabu kizito baada ya miaka. OH 5 iliokotwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, na tangazo la Louis lilikuwa kwenye Nature Agosti mwaka huohuo. Kitabu kamili cha Phillip Tobias kikatoka 1967. Mvulana wa Turkana, kiunzi cha kale kutoka Kenya chenye namba KNM-WT 15000, alitangazwa 1985 na kitabu kikatoka 1993. Ardipithecus ramidus wa Ethiopia alipewa spishi yake mwaka 1994, na seti kubwa ya makala ikaja 2009. Katika hali kama hizi, tangazo hurejelewa na kila mtu anayehitaji sentensi ya utangulizi, wakati kitabu chenye vipimo vyote hurejelewa na wachache wanaokitumia kwa dhati, na vitabu haviorodheshwi vizuri kwenye hifadhidata. Kuvilinganisha kwa idadi ni dhuluma.

Tumia idadi ya kati badala ya wastani. Tuseme makala tano zina marejeleo 3, 5, 6, 9 na 177. Wastani ni 40, na hakuna makala hata moja inayokaribia 40. Ya kati ni 6, na hiyo ndiyo picha ya kweli ya kundi. Ile ya 177 itaje peke yake na ueleze kwa nini imepaa.

Marejeleo ya mtu kujirejelea mwenyewe yaweke kwenye safu yake, lakini usikimbilie kulaumu. Timu inayochimba eneo moja kwa miaka 20 ndiyo iliyoandika mengi kuhusu eneo hilo. Wamrejelee nani mwingine?

Halafu kuna marejeleo yasiyohesabika. Mtu anaandika Dicraeosaurus hansemanni Janensch, 1914 ndani ya maandishi, anatumia spishi hiyo kwenye jedwali lake zima, lakini chapisho la 1914 haliweki kwenye orodha ya marejeo. Kwa mashine, Janensch hakurejelewa. Ili kukadiria pengo hili, tafuta "hansemanni" na "Janensch, 1914" kwa pamoja kwenye maandishi kamili, kisha linganisha na orodha rasmi ya waliolirejelea chapisho hilo. Tofauti itakushangaza. Waandishi wa spishi mpya huumizwa sana na tabia hii, na mimi naona majarida yangelazimisha kila jina la spishi lililobeba uchambuzi liingie kwenye marejeo.

Hatua ya saba: Fungua makala zinazorejelea, uzisome

Chukua makala 30 hivi kwa kubahatisha miongoni mwa zilizorejelea chapisho lako kuu. Nenda kwenye sentensi yenyewe yenye rejeleo, uiweke kwenye moja ya mafungu haya: utangulizi wa jumla, kuchukua data au vipimo, kubishana, au kutaja jina tu.

Jaribu na makala ya 1979 ya Mary Leakey na Richard Hay kuhusu nyayo za Laetoli. Hutakosa kukuta makala za viungo vya binadamu na za mwendo wa miguu zinazoitaja kwenye aya ya kwanza tu kuonyesha kwamba kutembea kwa miguu miwili ni jambo la kale, kisha haionekani tena hadi mwisho. Kando yake kuna makala chache zinazopima kina cha unyayo kwa milimita na kujenga hoja nzima juu yake. Zote zimehesabiwa moja moja. Ukiripoti idadi bila mgawanyo huu, hujasema chapisho limefanya kazi gani.

Wakati unasoma, angalia makala zilizoondolewa. Ubirajara jubatus, dinosaria wa Brazil aliyetangazwa Desemba 2020 kwenye Cretaceous Research, makala yake iliondolewa na jarida baada ya ubishi wa jinsi kisukuku kilivyotoka nchini. Kisukuku chenyewe kilirudishwa Brazil Juni 2023. Jina bado linatajwa. Weka safu ya "hali ya chapisho" ili usihesabu kitu ambacho hakipo rasmi.

Hatua ya nane: Nani anaandika, nani anachimba

Mwaka 2022 Nussaïbah Raja, Emma Dunne na wenzao walichapisha uchambuzi kwenye Nature Ecology & Evolution uliopitia data za Paleobiology Database za miaka 30 hivi. Asilimia 97 ya data hizo zilitoka kwa waandishi wa nchi za kipato cha juu na cha kati cha juu. Mwaka huohuo Dunne na wenzake walionyesha kwamba machapisho ya visukuku vya kaharabu ya Myanmar yamepanda mno, huku watafiti wa Myanmar wenyewe wakiwa karibu hawaonekani. Ukitaka kufanya hesabu kama hiyo kwa nchi yako, mbinu si ngumu: hesabu taasisi ya mwandishi wa kwanza, wa mwisho, na wa mawasiliano, kisha ulinganishe na nchi ya kisukuku.

Tahadhari ni moja. Taasisi si uraia. Charles Musiba ni Mtanzania, lakini kwenye makala ya 2021 ya Nature kuhusu nyayo za eneo A la Laetoli, mashine ikifuata chuo chake itamhesabu Marekani. Andika wazi kwamba unapima taasisi, na usiwabandike watu uraia kwa kukisia majina yao.

Sasa, waandishi ni nusu tu ya hadithi. Kamoya Kimeu ndiye aliyekiona kipande cha kwanza cha mvulana wa Turkana mwaka 1984. Waandishi wa makala ya 1985 ni Frank Brown, John Harris, Richard Leakey na Alan Walker. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji wa Tendaguru. Hakuna chapisho la zama zile lenye jina lake kama mwandishi, lakini mwaka 2007 Remes aliita dinosaria Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake wakatoa jina Wamweracaudia keranjei, likiwakumbuka Wamwera na Mohammadi Keranje aliyeshiriki kuchimba mifupa hiyo.

Kwa hiyo weka safu tatu zaidi: jina la mgunduzi, je ni mwandishi, na je ametajwa kwenye shukrani au kwenye jina la spishi. Shukrani lazima uzisome kwa macho. Hifadhidata nyingi hazizikusanyi. Kwa visukuku vya Tanzania, angalia pia kama makala inataja kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na cha Idara ya Mambo ya Kale. Ukipanga safu hizi kwa muongo, utaona mambo ambayo idadi ya marejeleo haionyeshi. Kwa mfano makala ya 2016 ya eLife kuhusu nyayo mpya za Laetoli ina Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama mwandishi wa kwanza, na iko wazi kwa yeyote kuisoma.

Hatua ya tisa: Ramani za mitandao

VOSviewer, programu ya kuchora mitandao ya waandishi na marejeleo, ni ya bure na huchora vizuri. Chora mtandao wa waandishi wenza kwanza, maana ndio unaosomeka. Mtandao wa marejeleo huwa kichaka. Usafishaji wa hatua ya tano ndio huamua kama ramani ina maana. Kama Mary na Meave bado wameunganishwa, utaona kitovu kikubwa katikati ambacho hakijawahi kuwepo.

Hatua ya kumi: Iweke kazi yako mahali pa wazi

Chini ya kila mchoro andika chanzo, maneno uliyotafuta na tarehe ya kuchukua data, kwa kuwa idadi za Google Scholar hubadilika kila wiki na zinaweza hata kushuka. Pakia jedwali lote Zenodo, hifadhi ya bure ya data za utafiti, likiwa na majina yote ya zamani ya spishi. Litapata DOI yake, na anayekuja nyuma yako hataanza upya kuhangaika na Gigantosaurus. Nakala moja itume kwenye makumbusho yanayohifadhi visukuku hivyo na nyingine kwa idara iliyotoa vibali. Na kama kwenye Paleobiology Database umekuta rekodi yenye mwaka uliokosewa au jina la mahali lililoandikwa vibaya, waandikie wasimamizi ukitaja ukurasa na chapisho linalothibitisha.